Mzee wa Pete Hachekwi

Jumapili mpwa wangu alinisogezea simu usoni. "Mjomba, hebu mwone huyu." Filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, inarukaruka. Mwanamume mfupi kavaa suruali ndefu nyeupe na fulana, ananing'inia kwenye pete mbili katikati ya uwanja. "Huyu anashindana au kaanikwa?" Wakaangua kicheko, yeye na wenzake wawili. Chai ilinipalia.

Aliyeanikwa ni Leon Štukelj, bingwa wa jimnastiki, yaani mazoezi ya viungo. Mslovenia wa Novo Mesto, kazaliwa 1898 chini ya mfalme wa Austria, kashindana chini ya bendera ya Yugoslavia, kafa 1999 akiwa raia wa Slovenia huru, siku nne tu kabla ya kutimiza miaka 101. Olimpiki ya Paris 1924 alichukua dhahabu mbili: ubingwa wa jumla na upau wa mlalo. Amsterdam 1928, dhahabu ya pete na shaba mbili. Berlin 1936, akiwa na miaka 37, fedha ya pete, nyuma ya Alois Hudec wa Czechoslovakia. Na hiyo haikuwa ajira yake. Alikuwa hakimu. Wiki nzima anasikiliza kesi za watu, jioni anakwenda kujitundika.

Sawa, nakubali kabla hamjanirukia: vijana wa leo wanajipindua hewani mara ambazo Štukelj hakuziota. Mchezo umekua. Lakini wamekulia kwenye kumbi zenye sakafu ya springi, magodoro mazito na daktari mlangoni. Wale wa Paris walikuwa nje, uwanja wa Colombes, jua likiwaka. Na ukitaka kuitwa bingwa wa jumla mwaka ule ulikuwa huchagui: pete, farasi (yule wa mbao), upau, pau mbili, na juu ya hayo unakwea kamba kwa mikono huku saa inahesabu. Bedřich Šupčík wa Czechoslovakia alifika juu kwa sekunde 7.2. Mpwa wangu anapanda ngazi za ghorofa ya pili kwa muda mrefu kuliko huo, na katikati anasimama kujibu meseji. Kwenye mashindano ya dunia ndiyo kabisa. Luxembourg 1930 mwanajimnastiki alitakiwa pia kukimbia, kutupa tufe na kuruka kwa upondo. Mtu mmoja huyohuyo! Leo ukimwambia bingwa wa pete akatupe tufe, meneja wake atakuandikia barua.

Luxembourg hiyohiyo Anton Malej, aliyekuwa na Štukelj kwenye timu iliyopata shaba Amsterdam, alianguka kutoka kwenye pete. Akafa. Mwenzake Josip Primožič ndiye aliyetoka pale na ubingwa wa dunia. Nikizitazama zile pete kwenye simu ya mtoto siwezi kuona nguo zilizoanikwa, naona umbali wa kutoka pale hadi chini.

Wengi wa Waslavi hao walilelewa na Sokol, chama cha mazoezi ya viungo kilichoanzishwa Prague mwaka 1862. Sisi tuliopigishwa halaiki shuleni, miezi miwili juani kwa ajili ya dakika kumi za uwanja wa taifa, tungewaelewa upesi: maelfu ya watu, nguo moja, mkono mmoja unainuka. Kwao mazoezi ya viungo yalikuwa namna ya kusema sisi ni taifa, wakati bado wanatawaliwa. Wanazi walilielewa hilo vizuri, wakakipiga marufuku. Jan Gajdoš wa Czechoslovakia, bingwa wa dunia wa 1938, aliingia kwenye upinzani dhidi yao, akafungwa, na mateso yale yakamuua mwaka 1945, vita ikiwa imeshakwisha.

Si wote walikuwa malaika. Mjerumani Alfred Schwarzmann alibeba dhahabu tatu Berlin, kisha akaenda kuruka na mwavuli katika jeshi la Hitler, kisha akarudi Helsinki 1952 akachukua fedha kana kwamba alikuwa likizo. Na wanawake? Walingoja hadi 1928 ndipo wakapewa shindano moja, la timu. Hilo sina la kulitetea.

Lakini turudi kwa mzee wangu. Baada ya vita serikali mpya ilimnyang'anya uhakimu. Hakuacha mazoezi. Kwenye ufunguzi wa Atlanta 1996 alitajwa jina, na mtu wa miaka 97 akatoka mbele ya uwanja mzima kwa hatua za kurukaruka, akaenda kumpa mkono Rais Clinton. Mimi nina miaka 46, na nikiinuka kwenye mkeka goti linatoa sauti ambayo mke wangu anaisikia akiwa jikoni.

Nikawapeleka vijana wangu nje kwenye mpera. Shikeni tawi, nikawaambia, jivuteni mpaka kidevu kipite, halafu mkae hapohapo. Wa kwanza alikaa sekunde nne. Wa pili alivunja tawi. Mpwa wangu akasema mkono wake una tatizo tangu juzi, akaomba simu yake.

Nimeishika bado.