Vielelezo viwili vinatosha, lebo zikiwepo

Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba spishi mpya isipewe jina mpaka wapatikane dume na jike, tena kutoka sehemu kadhaa. Kwa mbawakawa wa familia ya Staphylinidae, mimi nasema huko ni kusubiri mvua isiyokuja. Familia hii ina spishi zaidi ya 60,000 zilizokwisha kuelezwa, na nairobi flai anayetuunguza ngozi huku kwetu ni mmoja wao. Wengi waliobaki bila majina hawapo porini tu. Wamelala ndani ya droo za makumbusho.

Mfano ni Darwinilus sedarisi wa Argentina. Charles Darwin alimkamata Bahía Blanca mwaka 1832, akiwa katika safari ya meli ya Beagle. Kielelezo kikapotelea katika jumba la makumbusho ya viumbe London, kikaja kuibuka kati ya mbawakawa wasiopangwa ambao Stylianos Chatzimanolis, mtaalamu wa mbawakawa hawa, alikuwa amewaazima. Alimtangaza Februari 2014 kwa vielelezo viwili tu, vyote madume. Cha pili kilitoka makumbusho ya Berlin na kilikusanywa Río Cuarto, zaidi ya kilomita 600 kaskazini. Angesubiri jike, tungekuwa hatuna jina hadi leo.

Kumtambua si kazi ya rangi. Kichwa cha kijani king'aacho kinavutia jicho, lakini ndugu zake wengi wa Xanthopygina, kikundi chake ndani ya familia hii, nao wanang'aa. Mbawa fupi zinazoacha pingili za tumbo wazi zinakufikisha kwenye familia, basi. Tazama papasi, yaani vipapasio vya kichwani: hapa zina meno kama ya msumeno, na hilo si la kawaida katika kundi hili. Kisha nenda kwenye kiungo cha uzazi cha dume, maana mara nyingi ndicho kinachokata mzizi wa fitina.

Kielelezo kikavu kiloweke katika maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni hadi kilegee. Vuta kiungo taratibu kupitia ncha ya tumbo kwa koleo nyembamba. Ukikiharakisha wakati tumbo bado kavu, pingili za mwisho zinakatika, na zenyewe zina alama za dume unazozihitaji. Kisafishe katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, ukichungulia kila dakika chache. Ukikisahau humo, kinapauka na utando laini wa ndani unaharibika, usione tena mipaka ya sehemu zake. Suuza kwa maji, chora kwa upande na kwa juu, kisha kihifadhi kwenye kichupa cha gliserini kilichochomwa kwenye pini ileile ya mdudu.

Kosa baya kuliko yote halihusu mdudu hata kidogo. Gundi ya zamani huyeyuka majini, mbawakawa akaachana na kadi yake. Ukiloweka watano kwa pamoja, umekwisha kuchanganya mahali na tarehe. Mmoja kwa wakati mmoja, lebo zake kando ya chombo chake. Hata lebo iliyochakaa isitupwe: mpya iongezwe chini yake.

Jina lenyewe lina masharti: maelezo yanayomtofautisha na jamaa zake, kielelezo cha taipu (kwa kawaida holotaipu, kielelezo kimoja kinachobeba jina) kilichotajwa wazi pamoja na makumbusho kinakohifadhiwa, na usajili wa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, ikiwa chapisho ni la kielektroniki. Idadi ya vielelezo haimo. Wanaoidai wanatetea mazoea yao tu.

Sehemu kubwa ya nyasi za asili za huko imegeuzwa mashamba, na huenda mbawakawa huyu ametoweka kabisa. Anayemtaka jike aanzie kwenye droo: afungue masanduku ya Xanthopygina wa Argentina ambao hawajapangwa, aziangalie papasi kwanza, rangi baadaye. Mitego ya vikombe vya kufukia ardhini itafuata, katika vipande vya nyasi vilivyosalia.