Magofu ya viwanda Mbeya: tubomoe au tuyatumie?

Ukigusa tu habari ya viwanda vilivyokufa hapa Mbeya, ZZK kile cha zana za kilimo na wenzake, watu wanagawanyika palepale. Hawa wanasema vunja, pima viwanja watu wajenge, wale wanasema hiyo ni historia ya mji isiguswe. Mi naona wote wana hoja ila wote wanaangalia kuta tu.

Tukumbuke kwanza vilifikaje huku. Mpango wa pili wa maendeleo wa 1969 hadi 1974 uliitaja Mbeya kati ya miji 9 ya kupelekewa maendeleo ili kila kitu kisirundikane Dar, halafu TAZARA ikakabidhiwa 1976, reli ipo, barabara ya Zambia ipo, wakulima wapo, basi kutengeneza majembe na plau hapahapa ilikuwa akili kabisa. Baadaye soko likafunguliwa, majembe ya nje yakaja kwa bei ya kutupa, ukaja ubinafsishaji wa miaka ya 90, mengine mnayajua.

Sasa majengo yenyewe. Ingia kwenye jengo la kiwanda la enzi zile uangalie juu, kenchi za chuma zimevuka toka ukuta huu mpaka ule, katikati hakuna nguzo, Fuso inaingia inageuka inatoka bila kugusa kitu. Paa liko juu sana, chini yake mstari mrefu wa vioo, mchana huwashi taa na joto la tanuru linapanda linatokea hukohuko. Leo ujenge kitu kama hicho, chuma peke yake kitakumaliza. Ndo maana nikisikia mtu anataka kuvunja auze vyuma chakavu roho inaniuma.

Lakini wa upande wa pili si wajinga. Mengi ya mapaa ya zamani ni asbesto, ikivunjika vumbi lake linaleta kansa ya mapafu, kuitoa ni gharama na sio kazi ya kumpa kijana na nyundo. Eneo limekaa mapori, vibaka ndani, halmashauri haipati kitu. Na wanaotegemea sheria iwalindie, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kwa jengo inaangalia lililojengwa kabla ya 1863! Kiwanda cha juzi hakimo mpaka waziri atangaze kwenye gazeti la serikali, na sijui nani ataenda kumwomba waziri kwa ajili ya godauni.

Kinachosahaulika ni watu. Kiwanda kilikuwa kinazalisha mafundi pamoja na majembe, wa kuchomelea, wa kukereza, wa kufua chuma. Kilipofungwa walienda mtaani na ujuzi wao. Kuna mzee namfahamu anafua jembe la plau kutoka kwenye springi ya lori, anapiga moto, anaangalia rangi ya chuma, akiona imefika anazamisha kwenye oili chafu, hajawahi kushika kipimajoto. Huo ndo urithi, na uko chini ya turubai, mvua ya Mbeya ikianza kazi imesimama.

Kwahiyo kwangu jibu ni kubadili paa, kugawa ndani vyumba vya karakana na kuwapangisha hawahawa mafundi, asisubiriwe mwekezaji wa kuwasha mitambo ya miaka 40 ambayo hata spea hazipo. Najua mtasema Mwanjelwa, soko liliungua 2006, likajengwa la ghorofa, na bado watu wakalalamikia kodi wakabaki barabarani. Kweli, jengo zuri halivuti mtu. Hivyo kabla ya rangi na bango waanze na umeme wa fezi tatu, vyoo, na kodi ya kulipa kwa mwezi maana fundi hana pesa ya kutanguliza mwaka mzima.