Maharagwe ya kuchemshiwa: tunaokoa nini?

Wanaonunua maharagwe yaliyochemshwa hapa Nairobi wana hoja. Mama wa kibanda huwasha moto mmoja, akalisha ploti nzima. Mpangaji wa chumba kimoja akiuacha mtungi wake wa kilo 6 ukiwaka saa mbili kwa nusu kilo ya maharagwe aina ya nyayo, gesi hiyo ataijutia. Na mama naye anatafuta riziki.

Ila hizo saa mbili ni za mtu asiyejua kuchemsha. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ukikoleza moto hayapati joto zaidi, yanakauka tu. Mapishi ya mtandaoni yanayoahidi saa moja hapa hayafui dafu, na mpishi hubaki akimlaumu muuzaji kwa kumpa maharagwe ya zamani. (Mara nyingine ana haki: yaliyokaa ghalani penye joto na unyevu ni magumu kuiva.)

Anayejua huyachambua, huyaloweka saa 8 hadi 12 kwa maji mara tatu ya ujazo wake, kisha humwaga maji hayo. Huyachemsha yakitokota kwa nusu saa, hufunika, na kuitia sufuria kwenye kapu lililosheheni blanketi kuukuu chini, kando na juu, yaendelee kuiva kwa joto lake bila gesi. Halifunuliwi kwa saa nne. Sufuria isiyojaa hupoa upesi. Mwishowe yanarudishwa motoni yatokote tena. Nyanya na ndimu hungoja maharagwe yaive, maana uchachu hulifanya ganda likatae kulainika. Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Ukinunua, uamuzi huo ni wa mwingine.

Ile nusu saa haipunguzwi. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huvunjwa na mtokoto wa nguvu. Ukiyatia kapuni yakiwa ya moto tu, sumu inabaki, na baada ya saa chache ni kutapika na kuhara. Wasiolitaka kapu kwa sababu hiyo hawakosei. Sufuria ya presha inawafaa zaidi, ingawa bei yake si ya kila mtu.

Siku za kazi, nunua. Jumamosi chemsha kilo moja, ugawe, ugandishe. Asiye na friji apike ya siku hiyo tu.