Amesoma bila kukwama, lakini ameelewa?

Mama mmoja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alisimama mbele yetu akasoma mkataba wa mkopo mpaka mwisho. Hakukwama hata pale palipoandikwa kwamba riba ni asilimia 3 kwa mwezi, "itakayokokotolewa kwa kiasi cha awali cha mkopo". Tukampigia makofi, maana miaka michache nyuma alikuwa akiweka dole gumba. Nikamuuliza: mpaka mwezi wa kumi utakuwa umelipa riba shilingi ngapi? Akacheka. "Hayo wanayajua wenyewe, mwanangu."

Hesabu yenyewe si ngumu. Mkopo ni milioni moja, unarejeshwa laki moja kila mwezi. Riba ikipigwa kwa deni lililobaki, kwa miezi kumi utalipa 165,000. Ikipigwa kwa kiasi cha awali, ni 30,000 kila mwezi mpaka mwisho, yaani 300,000. Tofauti ya 135,000 imekaa ndani ya maneno "kiasi cha awali", ambayo alikuwa ametoka kuyatamka vizuri kabisa.

Nadhani lugha yetu yenyewe inachangia kutudanganya. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ukishazijua ba be bi bo bu, hakuna neno litakalokushinda kulitamka, liwe "dhamana" au "ukokotozi". Anayejifunza kusoma Kiingereza huumbuka mapema kwa kutamka vibaya, na mwalimu akajua pa kumshika. Wa kwetu anateleza tu. Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu chuoni, yaani madrasa: mtoto anahitimu msahafu, anasoma kwa makhraji yake yote, na hakuna anayedai kwamba sasa anajua Kiarabu. Kisomo kile kina thamani yake, ni ibada. Ila kwa kuwa mkataba umeandikwa kwa Kiswahili, tunachukulia kwamba aliyeusoma ameuelewa.

Kenya ilipofanya utafiti wa kitaifa mwaka 2006, ikiwapima watu wazima kwa mtihani badala ya kuwauliza tu kama wanajua kusoma, asilimia 61.5 walifikia angalau kiwango cha chini cha kujua kusoma na kuandika. Waliofikia umahiri uliotarajiwa walikuwa asilimia 29.6. Kila mara hotuba inapotaja takwimu ya kusoma na kuandika, mimi hujiuliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Tanzania nayo haikuwa gizani. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1986 serikali ilihesabu wasiojua kuwa chini ya asilimia 10. Mitihani ya kampeni ya kisomo iliwapanga wanakisomo, yaani watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma, katika hatua nne, na ya nne ndiyo iliyodai mtu aweze kutumia kusoma kwake katika shughuli za kila siku. Lakini hata aliyeishia ya tatu alihesabiwa kuwa anajua. Pengo lilionekana, likapewa namba, kisha likajumlishwa humo humo.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaosema kisomo cha namna hiyo ni kazi bure. Mama yule sasa anaona jina lake limeandikwa sawasawa au limekosewa. Ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu anausoma mwenyewe, wala jirani hajui ametumiwa kiasi gani. Anayelidharau hilo hajawahi kupeleka barua yake ya siri kwa mtu mwingine amsomee.

Tena kuelewa si lazima kuwe kazi ya mtu mmoja. Katika kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, mmoja akasoma kijitabu, wengine wakahoji, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Ungewatahini mmoja mmoja, wengi wangeanguka. Na vitabu vya kisomo chenye manufaa, yaani kilichofungamanishwa na kazi za watu, Kanda ya Ziwa vilihusu pamba, migomba na uvuvi. Mkulima alifika darasani akiwa tayari anaijua pamba, akaongezewa herufi.

Shida ni kwamba mikopo ya kausha damu, ile ya haraka yenye riba ya kunyonya, haisubiri kikundi kikae. Wala bahasha ya dawa iliyoandikwa "1×3" haisubiri, usiku mtoto akichemka homa. Namba anazijua, ni moja mara tatu kwa siku, au vitatu kwa mpigo?

Na tusimbebeshe mwanakisomo mzigo wote. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, hatua niliyoifurahia. Kisha unafungua sheria unakutana na "bila kuathiri masharti ya kifungu kidogo cha (1)", na hapo mwenye shahada na mwanakisomo wanalingana. Mwandishi wa mkataba hatahiniwi na mtu.

Kikao kilichofuata tulichora jedwali nyuma ya daftari: mwezi, rejesho, riba, deni lililobaki. Afisa mkopo alikuwepo. Mama akashuka na kidole safu baada ya safu, deni likipungua laki moja moja, kisha akarudi juu kwenye riba, akashuka tena polepole.

"Baba, deni linapungua. Mbona hii thelathini haipungui?"

Afisa akaomba apige simu ofisini kwanza.