Haikuwa zawadi kutoka Uingereza

Makala yenu inasema kwamba manowari Liverpool ya Seyyid Said, mtawala wa Maskati huko Oman, ilikuwa zawadi kutoka kwa Waingereza, ilhali ukweli ni kinyume chake. Meli hiyo ya matanga, yenye mizinga 74, iliundwa Bombay na mafundi Waparsi wa ukoo wa Wadia kwa ajili ya mtawala huyo, ikashushwa majini mwaka 1826. Ni yeye aliyemzawadia Mfalme William IV wa Uingereza meli hiyo mwaka 1836, na jeshi la majini la Uingereza likaibadilisha jina kuwa Imaum.

Naomba pia mbao zake zisipitwe hivi hivi. Msaji wa India una mafuta ya asili yanayokinga misumari ya chuma isiliwe na kutu, tofauti na mwaloni wa Ulaya ambao asidi yake huila chuma taratibu, na ndiyo maana manowari za Bombay zilisifika kwa kudumu.

Kwetu sisi wa pwani, hii ndiyo meli iliyomleta Seyyid Said Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1828, alipokuja kuwakabili Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliokuwa wameishika Ngome ya Yesu, kabla hajaendelea na safari hadi Unguja. Inaniuma kwamba chombo kilichobeba historia yetu kwa kiasi hicho kiliishia kutia nanga Jamaika, kikitumika kupokelea mabaharia, hadi kilipovunjwa katika miaka ya 1860.