Dola bado ina nguvu ziwani
Wachumi mliowahoji gazetini wanasema dola inapoteza nguvu duniani. Kwa mizigo inayovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kalemie na Uvira nchini Kongo, bado sana! Mfumuko wa bei wa Zaire, Kongo ya leo, miaka ya 1990 uliwafundisha Wakongo kuweka akiba kwa dola, na faranga ya Kongo iliyoanza mwaka 1998 haikuwabadilisha. Tangu 28 Machi 2025 kanuni zetu Tanzania zinakataza kupanga bei kwa fedha za kigeni, hivyo mnunuzi anayekuja na dola lazima azibadilishe kuwa shilingi. Hapo ndipo anapoumia: tuseme duka linanunua dola kwa shilingi 2,500 na kuuza 2,560, basi dola 1,000 zikibadilishwa kuwa shilingi kisha kurudishwa kuwa dola zinabaki 976. Abadilishe kiasi cha manunuzi tu. Muuzaji anayepeleka dola ng'ambo ya ziwa akague kingo za noti, maana iliyochanika hata kidogo hukataliwa.