Siri ya Mteja Ikiingia Simuni

Jioni moja mtaani Nyalenda, Kisumu, simu ya dada mmoja iliwaka mezani mbele ya mama mkwe: "Kikao chetu ni kesho saa nne. Njoo na lile daftari la hasira." Chai haijapoa, nyumba nzima inauliza ana nini kichwani. Hakuna mdukuzi aliyehitajika. Mshauri nasaha wake ndiye aliyeimwaga siri, tena kwa nia njema.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaotaka ushauri urudi ofisini tu. Kabla ya simu, mtu wa Bondo alipanda matatu hadi mjini, akaketi kwenye benchi la korido akiomba asipite jirani yake. Benchi lenyewe lilikuwa tangazo. Wanaume wengi hawakulifikia kamwe, na simu imewapa mlango usio na watazamaji. Kuwafungia mlango huo ni ukatili.

Karatasi nazo tusizitukuze. Faili kwenye kabati lisilo na kufuli husomwa na yeyote anayefagia. Ila faili moja huibwa na mtu mmoja. Kompyuta ikidukuliwa, faili zote huondoka pamoja. Nchini Ufini, mwaka 2020, rekodi za wateja wapatao 33,000 wa Vastaamo, kampuni ya tiba ya kisaikolojia, zilizokuwa zimeibwa zilitumiwa kuwatisha wateja mmoja mmoja: lipa euro 200 au uanikwe mtandaoni. Nywila hubadilishwa. Aliyoyasema mtu kuhusu baba yake mzazi hayabadilishwi.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti, na uvujaji wenye hatari ya kweli kwa mhusika huripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Ni sheria nzuri, lakini hufika maji yakishamwagika.

Mimi naona kuzungumza ni jambo moja, kuhifadhi ni jingine. Tuzungumze kwa simu, ila maandishi yawe machache, yabebe namba badala ya jina, na yasikae WhatsApp. Na siku ya kwanza kabisa mshauri aulize: nani mwingine anajua pini ya simu hii?

Yule dada hakuacha ushauri. Siku hizi ujumbe anaopata una maneno mawili: "Saa nne."